Malaria ni yetu, mbona mti wa dawa yake haukuota kwetu?

Saa nane za usiku mtoto anachemka homa. Mama anamkanda kwa kitambaa cha maji, baba anahesabu saa hadi zahanati ifunguliwe. Kunapokucha mtoto anapimwa, kipimo cha haraka kinaonyesha malaria, na wazazi wanarudi nyumbani na vidonge vya njano vya dawa mseto. Wanamkuta bibi uani, ameshachuma majani ya mwarobaini na sufuria iko jikoni.

Ni picha ya kawaida kuanzia Tanga hadi Kigoma, na kuanzia Kilifi hadi Kisumu. Hapo ndipo unapoanza ubishi wa miaka yote: dawa ya hospitali au dawa ya kwetu?

Ubishi huo una jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mwarobaini nao si wa kwetu. Asili yake ni India na nchi za jirani. Waswahili waliupokea, wakaupa jina kwa sifa ya kutibu maradhi arobaini, na leo umeenea pwani yote kana kwamba ulikuwepo tangu enzi. Mlonge unaopandwa kandokando ya nyumba asili yake ni kaskazini mwa India. Mshubiri ulio kwenye kopo la maua umetoka Bara Arabu.

Dawa mseto nayo imetokana na mmea wa China. Na kwinini, ile dawa chungu inayovumisha masikio, imetoka kwenye gome la mti wa Amerika Kusini.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban asilimia 95 ya vifo vyote vya malaria hutokea Afrika. Inakuwaje basi bara lenye mzigo mkubwa namna hiyo likategemea mimea iliyoota upande mwingine wa dunia? Jibu lake linahusu namna mimea ilivyosambaa duniani, na linamgusa kila mzazi mwenye kabati la dawa nyumbani.

Dunia haikugawiwa sawa

Wanasayansi wameshazipa majina takriban aina 350,000 za mimea, ukijumlisha miti, nyasi, maua na makangaga. Lakini aina hizo hazikugawanyika sawasawa. Uingereza ina takriban aina 1,500 za mimea ya asili. Tanzania ina zaidi ya 10,000.

Mtu anaweza kusema tofauti hiyo inatokana na ukubwa wa nchi, kwa kuwa Tanzania ni kubwa karibu mara nne ya Uingereza. Si hivyo. Kona ya kusini magharibi ya Afrika Kusini, eneo la Rasi lenye ukubwa wa kilomita za mraba 90,000 hivi, ina takriban aina 9,000 za mimea. Ni eneo dogo kuliko Uingereza, na zaidi ya theluthi mbili ya mimea yake haipatikani kwingine kokote duniani.

Mwaka 1988 mtaalamu wa mazingira Norman Myers, Mwingereza aliyeishi Kenya kwa miaka mingi, alikuja na wazo la kuyatambua maeneo yenye mimea mingi ya pekee ambayo pia yamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uoto wake. Leo orodha hiyo ina maeneo 36. Uoto wa asili uliobaki katika maeneo hayo unafunika takriban asilimia 2.5 tu ya nchi kavu, lakini zaidi ya nusu ya aina zote za mimea duniani hazipatikani nje ya maeneo hayo. Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki imo katika orodha, na milima ya mashariki mwa Afrika imo pia.

Kwa lugha nyepesi, bustani ya dunia imejaa sana pembe chache na kuwa tupu kwingineko. Ukipoteza pembe moja, hupotezi sehemu ndogo. Huenda umepoteza kitu ambacho hakipo mahali pengine popote.

Haukuweza kuishi, au haukuwahi kufika?

Mmea unapokosekana mahali, wataalamu huanza na maswali mawili. La kwanza: je, ungeweza kuishi hapo? La pili: je, uliwahi kufika?

Swali la kwanza ni la hali ya hewa. Mwaka 1802 mtafiti wa Ujerumani Alexander von Humboldt, akiwa na mwenzake Mfaransa Aimé Bonpland, alipanda mlima Chimborazo katika nchi inayoitwa leo Ekuador. Aliona mimea ikibadilika ngazi kwa ngazi kadiri anavyopanda, kama vile mtu anayesafiri kutoka nchi za joto kuelekea nchi za barafu. Mchoro wake wa mlima huo, ukiwa na majina ya mimea kwa kila kimo, ulichapishwa mwaka 1807 na bado unafundishwa hadi leo.

Mkazi wa Moshi hahitaji kwenda Ekuador kuliona hilo. Chini ya Kilimanjaro kuna mahindi, juu kidogo migomba na kahawa, kisha msitu wenye ukungu, halafu vichaka vifupi, na mwisho mawe na barafu. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Ndiyo maana nchi zenye milima karibu na ikweta zina mimea mingi: mlima mmoja hubeba hali za hewa za nchi kadhaa.

Swali la pili ni la safari. Mbegu hubebwa na upepo, maji, ndege na wanyama, lakini bahari na jangwa ni vizuizi vikubwa. Mfano mzuri ni mbuyu. Wataalamu wengi huhesabu aina 8 za mibuyu duniani. Aina 6 zipo Madagaska peke yake, moja ipo Afrika bara na moja ipo Australia. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 unaonyesha kwamba mibuyu ilianzia Madagaska, na jamaa zake wawili wakavuka bahari. Mbuyu anaouona mtoto wa Bagamoyo au Dodoma ni kizazi cha mhamiaji.

Nyuma ya maswali hayo kuna jambo la tatu, nalo ni muda. Kilimanjaro ni mrefu kuliko milima yote ya Afrika, lakini kwa umri wa milima ni kijana. Umbali mfupi kuelekea kusini mashariki kuna milima mifupi zaidi ambayo watalii wachache huifahamu: Pare na Usambara. Ni sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa na Mahenge nchini Tanzania.

Milima hiyo ina umri wa mamilioni mengi ya miaka, na inapokea mvua kutoka Bahari ya Hindi. Nyakati ambazo nyanda za chini zilikauka na kugeuka mbuga, misitu ya milimani iliendelea kupata unyevu. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na mimea iliyojifungia humo ikabadilika taratibu hadi kuwa aina za pekee. Kwa hesabu ya mimea isiyopatikana kwingine, Usambara inaishinda Kilimanjaro.

Uingereza ilipitia historia ya kinyume. Miaka takriban 20,000 iliyopita sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa chini ya barafu. Mimea iliyopo sasa ni ile iliyowahi kurudi baada ya barafu kuyeyuka. Haijapata muda wa kuzaa aina nyingi mpya.

Mti uliokuwepo kabla ya ugonjwa

Mti wa kwinini unaota kwa asili kwenye miteremko ya milima ya Andes, kuanzia Venezuela na Kolombia hadi Bolivia. Unapenda ubaridi, ukungu na mvua ya mara kwa mara. Miteremko hiyo inapokea unyevu kutoka msitu wa Amazon, nayo imekatwakatwa na mabonde marefu. Kama ilivyo Usambara, kila bonde limefuga mimea yake, na hivyo zipo aina zaidi ya 20 za mti huo, kila moja ikiwa na kiwango chake cha uchungu.

Jambo la kushangaza ni kwamba mti huo haukuumbwa kwa ajili ya malaria. Wanasayansi wengi wanakubaliana kwamba vimelea vya malaria kali vilifika Amerika kwa meli zilizobeba watumwa kutoka Afrika. Mti ulikuwepo zamani kabla ya ugonjwa. Uchungu ulio katika gome ni silaha yake dhidi ya wadudu na viumbe wanaoutafuna, na kwa bahati silaha hiyo inaua pia kimelea cha malaria.

Katika miaka ya 1600, wamisionari Wajesuti walipeleka gome hilo Ulaya. Mwaka 1820, wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kuitenga kwinini yenyewe. Kuanzia hapo mataifa makubwa yalianza kuutafuta mti wenyewe, kwa sababu bila kwinini askari na watawala wao hawakuweza kudumu katika nchi za joto.

Mwaka 1865 mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger alipata mbegu bora kutoka Bolivia kwa msaada wa mtumishi wake, Manuel Incra Mamani, mwenyeji aliyeijua miti hiyo kwa macho. Mamani baadaye alikamatwa kwa kosa la kutorosha mbegu, akapigwa, na akafariki dunia. Mbegu zilinunuliwa na Waholanzi, wakazipanda kisiwani Java. Kufikia miaka ya 1930, zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia ilitoka kisiwa hicho kimoja.

Hatari ya kutegemea sehemu moja ilionekana mwaka 1942. Japani iliiteka Java katikati ya vita, na wapinzani wake wakabaki na akiba ndogo ya kwinini huku askari wao wakipambana na malaria.

Afrika nayo iliupokea mti huo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, na miti ya kwinini ikawa miongoni mwa ile iliyopandwa huko. Kivu, mashariki mwa Kongo, mashamba yake yapo hadi leo. Ulipopelekwa kwenye milima yenye ubaridi na unyevu, ulistawi. Kumbe uliweza kuishi Afrika muda wote. Haukuwahi kufika tu, kwa kuwa kati ya Andes na Usambara kuna bahari ambayo mbegu zake haziwezi kuivuka zenyewe.

Kisa cha visiwa vya Galápagos kinathibitisha hilo. Visiwa hivyo ni sehemu ya Ekuador, moja ya nchi za asili za mti wa kwinini, lakini viko mbali baharini na mti haukuwepo. Ulipopelekwa katika karne ya 20 ulishika kasi kiasi kwamba sasa unahesabiwa kuwa magugu, na watunza hifadhi wanaung'oa ili usiifunike mimea ya asili.

Mmea unaosoma urefu wa mchana

Mwaka 1969 mtafiti wa kike wa China, Tu Youyou, alipewa jukumu la kutafuta dawa mpya ya malaria kwa sababu dawa za wakati huo zilikuwa zimeanza kushindwa. Timu yake ilipekua vitabu vya kale vya tiba. Katika kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, Tu aliona maelekezo ya kuloweka mmea wa atemisia katika maji na kukamua utomvu wake. Hakukuwa na neno la kuchemsha. Akahisi kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akatumia njia isiyohitaji joto kali, na dutu inayoitwa artemisinini ikapatikana. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel.

Dutu hiyo ndiyo mama wa dawa mseto inayotolewa leo katika zahanati, na pia wa sindano ya artesuneti kwa malaria kali. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2010 ulihusisha watoto zaidi ya 5,400, wakiwemo wa Muheza na Korogwe mkoani Tanga. Ulionyesha kwamba artesuneti ilipunguza vifo vya watoto wenye malaria kali kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Watoto hao walitibiwa chini ya milima ya Usambara kwa mmea uliotoka China.

Je, kwa nini atemisia haikuota kwetu? Hapa jibu ni tofauti na la mti wa kwinini. Mmea huu umezoea nchi ambako mchana hurefuka sana majira ya joto na kufupika baadaye. Mchana unapofupika, mmea huelewa kwamba msimu unakwisha na huanza kutoa maua. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Mbegu ya kawaida ikipandwa hapa hutoa maua mapema mno, ikiwa bado na majani machache, na dawa iko katika majani. Wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walifanikiwa kuilima baada ya kupata mbegu zilizochaguliwa kwa kuchelewa kutoa maua, tena katika maeneo ya miinuko.

Kwa hiyo mti wa kwinini ulizuiwa na bahari, na atemisia ilizuiwa pia na saa za mchana.

Ua la bustanini na uvimbe wa taya

Katika bustani nyingi za Afrika Mashariki kuna ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, linalochanua hata wakati wa ukame. Wengi hulipanda kwa uzuri wake. Asili yake ni Madagaska, kisiwa kilichojitenga na Afrika zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita na ambacho zaidi ya asilimia 80 ya mimea yake ya asili haipatikani kwingine.

Katika miaka ya 1950, watafiti wa Kanada na Marekani waliokuwa wakilichunguza kwa ajili ya kisukari waligundua kwamba linapunguza chembe nyeupe za damu. Kutoka kwenye majani yake zikapatikana dawa mbili za saratani, vinblastini na vinkristini. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata saratani ya damu alikuwa na matumaini madogo sana. Leo, katika nchi zenye huduma kamili, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye aina ya kawaida ya saratani hiyo huishi, na vinkristini ni sehemu ya mchanganyiko wa dawa wanazopewa.

Kisa hicho kina uhusiano wa karibu na Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya unaokua haraka kwa watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huo unaonekana. Ramani waliyopata ilifanana na ramani ya uoto: uvimbe ulikuwepo kwenye joto na mvua, na ulipotea kwenye miinuko yenye baridi. Baadaye ilibainika kwamba saratani hiyo inahusiana na kirusi pamoja na maambukizi ya malaria ya mara kwa mara.

Inatibika kwa dawa, na vinkristini ni mojawapo. Mtoto wa Kanda ya Ziwa mwenye uvimbe huo anategemea mmea ambao kwa asili uliota kisiwa kimoja tu. Kwa bahati, ua hilo lilipelekwa nchi nyingi kwa ajili ya mapambo kabla mtu yeyote hajajua thamani yake.

Na sisi, tunatoa nini?

Si kweli kwamba Afrika inapokea tu. Katika misitu ya milimani, kuanzia Kameruni hadi Ethiopia, Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, kuna mti ambao wanasayansi huuita Prunus africana. Wakikuyu huuita muiri. Dondoo la gome lake limetumika Ulaya tangu miaka ya 1960 kupunguza matatizo ya kukojoa kwa wanaume wenye uvimbe wa tezi dume usio wa saratani.

Muiri unahitaji ubaridi, kwa hiyo unaishi milimani huku nyanda za joto zikiutenganisha na ndugu zake wa milima mingine. Kila msitu unabeba kundi lake. Biashara iliposhamiri, wavunaji wengi walichuna gome kuuzunguka mti mzima, na mti uliochunwa hivyo hufa. Mwaka 1995 uliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ili usafirishaji wake udhibitiwe.

Mzee wa Ulaya anayeamka mara tano usiku kwenda msalani anategemea mlima wa Afrika, kama mtoto wa Muheza anavyotegemea mmea wa China.

Kilicho hatarini

Hatari ya mgawanyo huu ni kwamba aina nyingi za mimea hazina akiba. Mmea ulioenea nchi 10 ukikatwa katika moja, unabaki katika tisa. Mmea wa kilima kimoja ukikatwa, umekwisha. Ongezeko la joto nalo linaisukuma mimea ya milimani kupanda juu zaidi, na kila mlima una kilele. Baada ya kilele hakuna pa kwenda.

Jambo hili si la wapenda maua peke yao. WHO imethibitisha kwamba vimelea vyenye usugu kiasi dhidi ya artemisinini vimeonekana Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Dawa mseto bado inatibu, lakini historia inaonya. Dawa za awali zilipoanza kushindwa, atemisia ilikuwa inasubiri kwenye vilima vya China, bado haijakatwa. Inayofuata inaweza kutoka maabara. Inaweza pia kuwa katika jani ambalo hakuna aliyelipima, kwenye msitu unaofyekwa leo kwa ajili ya mkaa.

Familia ifanye nini?

Mosi, mtoto mwenye homa apimwe kwanza, na akikutwa na malaria amalize dozi yote ya siku tatu hata akipata nafuu siku ya pili. Vidonge vya dawa mseto hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa pamoja na chakula au maziwa. Kuacha dozi njiani ni kumfundisha kimelea kuizoea dawa.

Pili, chai ya atemisia isichukue nafasi ya dawa mseto. WHO haishauri kuitumia kutibu au kuzuia malaria, kwa kuwa kiwango cha dawa hubadilika kutoka kikombe hadi kikombe.

Tatu, asipewe mtoto mchanga mafuta ya mwarobaini kunywa. Yamewahi kuwasababishia watoto wadogo degedege na madhara makubwa. Ua la Madagaska nalo ni sumu likiliwa. Dawa yake hutolewa hospitalini kwa vipimo vya daktari, kamwe si kwa kuchemsha majani.

Nne, mtoto akipata uvimbe wa taya au wa tumbo unaokua haraka, apelekwe hospitali bila kusubiri. Saratani hiyo inatibika zaidi ikiwahiwa.

Tano, wanaoishi jirani na misitu ya milimani waanze na jambo dogo: kupanda miti ya kuni karibu na nyumba ili isikatwe ya msituni, na kutochuna gome la mti kuuzunguka.

Bibi aliyeko uani hana kosa la kuamini miti. Gome, jani na ua vimeokoa watu wengi sana. Mtoto amalize dozi yake, na akipona, bibi amweleze kwamba mwarobaini wa uani ulikuja kutoka ng'ambo ya bahari. Kisha amwonyeshe ule mlima unaoonekana kwa mbali, amwambie kwamba huko juu kuna mimea ambayo haipo kwingine kokote, na ambayo bado hakuna anayejua itamtibu nani.